Kijani cha Babu

4 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi na miwani iko usoni, si mfukoni mwa Shangazi. Mimi mzima. Kazi ya lifti inaendelea. Wiki iliyopita tulimtoa mama mmoja aliyekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na muda wote tuliohangaika na nyaya alikuwa akinigombeza kupitia ufa wa mlango kana kwamba ni mimi niliyevumbua umeme. Alipotoka akaniomba nimsindikize kwa ngazi. Nakula vizuri. Usimuulize Shangazi, hajui ninachokula.

Ameniambia kwa simu kwamba kitanda chako kimehamishiwa sebuleni kwa vile miguu imegoma kupanda vidato vya kwenda chumbani. Ningependa nilisikie hilo kwako, lakini najua simu masikioni mwako ni upepo mtupu, na kwenye barua yako ya mwisho hukulisema. Ameniambia pia kuwa kuta zimeanza kubanduka. Nyumba haijaguswa tangu Babu alipotutoka, na alipokuwepo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kushika brashi.

Basi nimeamua, na pesa Shangazi amekwisha zipata: safari hii tutafute fundi wa rangi anayeishi kwa kazi hiyo, si mpwa wa jirani aliyekosa la kufanya Jumamosi. Kumchagua nakuachia wewe. Umeajiri walimu maisha yako yote, fundi mmoja hatakutoa jasho. Nje, ukumbi na jiko mpake mnavyotaka. Ombi langu ni moja tu. Sebule ibaki na kijani cha Babu, kile kile. Nimemwomba Shangazi abandue kipande nyuma ya kabati akipeleke dukani, wachanganye kinachofanana nacho. Najua unavyokipenda. Nikikuwaza usiku nataka nijue umelala wapi.

Wako,
Mumeo mdogo


27 Februari

Mume wangu,

Marahaba, na pole na huyo mama wa lifti. Barua imenikuta nimelala, lakini miwani nilikuwa nayo, kwa hiyo tumekwenda sare. Shangazi yako ana mafua na anayagawa kwa haki nyumba nzima. Jirani wa mkono wa kulia amenunua jenereta: yeye anapata taa, sisi tunapata kelele. Mimi moyo unapiga kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake: unagonga, unanyamaza, unagonga kwa jirani. Daktari amebadilisha vidonge. Vya sasa ni vya waridi.

Kazi uliyonipa nimeianza. Nawasaili mafundi hapa hapa kitandani, nimefunga kitambaa kichwani na kuegemea mito, Shangazi yako akiwa kitini kama karani. Swali la kwanza ni moja kwa wote: nionyeshe nyumba uliyoipaka miaka mitatu iliyopita. Ukuta wa mwezi jana hung'aa hata ukipakwa na mbuzi.

Wa kwanza alikuja na simu iliyojaa picha za kuta mpya. Nikamuuliza za miaka mitatu. Akasema wenyewe wamehama. Nikamuuliza kama ni wote. "Wote, Bibi." Nikamwambia rangi yake basi inafukuza watu, na mimi sina pa kuhamia. Wa pili aliziangalia kuta akiwa mlangoni, mikono mfukoni, akasema atamaliza kabla ya magharibi. Nikataka kujua atakwangua lini rangi iliyobanduka. Akajibu kwamba hakuna haja, mpya itashika ya zamani. Nami nikamuuliza ya zamani imeshika nini. Alicheka vizuri sana, ni mtu mwenye meno mazuri. Tukampa chai akaenda.

Kwa hiyo tunaendelea kutafuta. Usiwe na haraka, nyumba haiendi popote.

Hujaniambia unakuja lini. Niliuliza kwenye barua ya Desemba pia.

Mkeo


30 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini vidonge vya waridi vinafanya kazi kuliko vya kwanza. Huku tuna ukaguzi wa majengo ya serikali, natoka alfajiri narudi gizani, ndiyo maana nimechelewa. Kiongozi wetu wa zamu ameacha kazi, sasa zamu naiongoza mimi. Unaruhusiwa kuwaambia majirani.

Unasema umewakataa mafundi wawili. Shangazi anasema ni wanne, na kwamba mmoja ulimkataa kabla hajaketi. Bibi, nilikuomba umchague fundi, si mkwe. Muulize kama ataziba nyufa, kama atapiga msasa, atapiga mikono mingapi ya rangi, na kama atafunika vyombo. Akijibu vizuri mpe kazi. Mvua zikianza hakuna rangi itakayokauka.

Shangazi ameniarifu pia kuwa kopo la kijani limetoka dukani na liko ukumbini. Anasema limefanana kabisa, alipaka tone kwenye kidole akakiegemeza ukutani, kidole kikapotea. Nimefurahi sana kusikia hivyo.

Kuhusu kuja, tutazungumza.

Mumeo mdogo


19 Aprili

Mume wangu, kiongozi wa zamu,

Marahaba na hongera. Majirani wameambiwa, hata wale tusiosalimiana nao. Mafua yameisha. Nilikaa hospitali siku chache kwa ajili ya miguu kuvimba. Wodi ilikuwa safi na muuguzi wa usiku aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, akawa ananiamsha kunipa dawa kwa woga kama anayechelewa darasani. Nimerudi.

Fundi nimempata, kwa hiyo punguza presha. Ni mwanamke. Mtaa mzima unamwita Mama Ngazi, maana hupita na ngazi yake begani, na ukimsikia anakuja huna haja ya kumwona, sauti yake inafika kona kabla yake. Hakungoja nimsaili. Aliingia akaanza kunisaili yeye: nani analala chumba kipi, nani ana kifua, mlango gani haufungiki. Akapapasa kuta kwa kiganja, akagonga hapa na pale kama daktari, akafika dirishani mwa sebule akasema ukuta umelowa kwa ndani kwa sababu mfereji wa paa umepasuka. Hatapaka hapo mpaka mfereji utengenezwe. Nikamuuliza nyumba ya miaka mitatu. Akasema nenda kinyozi wa kona.

Shangazi yako akaenda. Ukuta wa kinyozi huegemewa na vichwa vya watu kutwa, na rangi imekaa. Kinyozi alimwambia, "Huyo mama anaongea kuliko redio, nilitaka kumfukuza siku ya kwanza. Lakini ukuta si huo hapo."

Amekwisha anza nje, na jiko limebakiza mkono wa pili. Ana sharti lake kuhusu rangi. Anasema watu walioko mbali humpigia simu wakachagua rangi, kisha waliomo ndani humsumbua yeye mwaka mzima. Siku hizi anachukua neno la anayelala chumbani. Aliye mbali anaweza kulipa. Kuchagua, hapana. Shangazi yako akachagua ya jiko. Tulipofika sebuleni akanijibia: kijani, kopo hilo hapo. Mama Ngazi akaniangalia mimi. Nikamwambia tungoje mfereji.

Mkeo


25 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimepata barua yako, na picha za jiko ambazo Shangazi amenitumia. Jiko limependeza. Siku hizi kuna kijana wa kazini anayenifundisha kupika, na nimeunguza sufuria mbili tu.

Nitasema moja kwa moja. Mfereji ulitengenezwa zamani. Nje kumekwisha, ukumbi umekwisha. Shangazi anasema Mama Ngazi amekuja mara mbili na brashi zake kwa ajili ya sebule ukamrudisha. Mara ya kwanza kichwa kilikuwa kinauma. Mara ya pili ulisema Jumamosi si siku ya kupaka rangi. Tangu lini? Kama huyo mama amekukosea, mwache tutafute mwingine. Kama si hivyo, niambie.

Wewe unajua kwamba sikuja kumzika Babu. Sababu niliyowapa ilikuwa karatasi za safari. Tuiache hapo. Lakini nilipoondoka nilimwacha amesimama sebuleni humo, mgongo wake umeegemea ukuta ule, akisema atanisindikiza kwa macho kwa sababu stendi ina vumbi. Nimebeba picha hiyo. Mambo mengine yote huko yamebadilika, mtaa umebadilika, wewe mwenyewe umehamishwa chumba. Naomba hicho kimoja kibaki kilivyo. Naomba kwa heshima.

Mjukuu wako


12 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu za nyumbani ni njema na nitazifupisha, maana barua hii nimeiandika kidogo kidogo kwa siku kadhaa na Shangazi yako anadhani namwandikia wakili. Jenereta la jirani limekufa. Hatukulia.

Nilikuwa hospitali tena. Safari hii daktari alivuta kiti akaketi. Nami nimewaketia wazazi wengi kwa namna hiyo, najua kinachofuata mtu akivuta kiti. Hakunitajia miezi na mimi sikuomba. Nilimuuliza tu kama naweza kurudi nyumbani, kwenye kitanda changu cha sebuleni. Akasema ndiyo. Na hapo nikashangaa kuona kwamba sikufurahi.

Sasa nisikilize. Sikipendi kijani cha Babu yako. Sikukipenda siku ya kwanza, na sijakipenda mpaka leo.

Tulikuwa ndio kwanza tumeijenga nyumba hii, kuta bado hazina rangi, tukaalikwa kwa mkaguzi wa shule. Nilitaka anione mtu mwenye adabu. Mke wake alikuwa amepaka sebule kijani kikali, akaniuliza nakionaje. Nikasema ni kizuri sana, kinapumzisha macho. Wewe ungesema nini? Babu yako alikuwa pembeni yangu anakula karanga. Mambo ya nyumba hakuwa akiyasikiliza, au mimi ndivyo nilivyodhani. Mwisho wa muhula nikaenda kusahihisha mitihani, na niliporudi nikamkuta mlangoni ana rangi masikioni na rangi kwenye nyusi, ananizuia nisiingie mpaka nifumbe macho. Akanishika mkono akaniingiza ndani. Nikafumbua. Akauliza, "Nimepatia?"

Nikamwambia, "Umepatia."

Nilipanga nimwambie kweli baada ya wiki moja. Baada ya wiki moja alikuwa amekwisha waita rafiki zake wote waje waone. Nikapanga nimwambie rangi ikichakaa. Ilipoanza kuchakaa aliwahi yeye, akapaka tena kabla sijafungua mdomo, huku anaimba. Akawa anafanya hivyo kila baada ya miaka michache. Mimi ambaye nilikuwa nawaambia akina baba kwamba watoto wao ni wavivu, mlango wa ofisi ukiwa wazi, nilishindwa kumwambia mtu mmoja mwenye rangi masikioni. Na alipofariki ndipo jambo lilipofungwa kabisa. Kila aliyekuja kutoa pole aliangalia kuta akasema angalau rangi yake ninayo. Shangazi yako aliegemeza paji la uso ukutani akalia. Nani angesema lolote hapo?

Zamani niliweza. Mchana nilikuwa shuleni, jioni taa ilikuwa hafifu, nilikutana na kijani hicho saa mbili tatu tu kama mgeni. Sasa nashinda nacho. Jua likiingia asubuhi chumba kizima kinakuwa kama ndani ya chupa. Mikono yangu inakuwa ya kijani. Shangazi yako akiniletea uji, uso wake ni wa kijani, na uji nao. Sitaki kufia ndani ya chupa.

Ndiyo maana mafundi walinishinda. Wale wawili wa kwanza walistahili kukataliwa. Waliofuata hawakuwa na kosa lolote, na mmoja nilimkataa kwa sababu ya viatu vyake. Nilikuwa nikingoja ujasiri, nikajidanganya kwamba utaingia pamoja na fundi mwingine. Mama Ngazi hakunipa pa kujificha. Siku ile aliponiangalia, niliona kwamba kuna mtu ameniuliza, na kwamba hajanijibia.

Nilimpenda Babu yako. Hilo usilitilie shaka hata dakika moja. Ningerudi mwanzo ningemchukua yeye yule, na karanga zake. Kwa miaka mingi niliogopa kwamba nikiukataa ukuta nitakuwa nimemkataa na yeye, na sasa kwa kuwa nimelala nauangalia kutwa, nimepata muda wa kufikiri, na nakuambia ni vitu viwili. Yeye namkumbuka. Ukuta nauvumilia.

Nawe umeniambia unataka chumba kibaki kilivyo, na umeniambia kwa nini, au nusu yake. Sikujua kwamba umebeba picha hiyo. Sitakunyang'anya. Nimemwambia Mama Ngazi asubiri, na sitafungua kopo hilo wala lingine mpaka unijibu. Ukisema kibaki, kitapakwa kijani, nami nitasema umepatia. Nina uzoefu. Lakini nijibu.

Bibi yako


15 Julai

Mume wangu,

Sijapata barua. Labda posta. Labda nimekuumiza. Shangazi yako siwezi kumtuma akuulize kwa simu, hajui nilichokuandikia.

Mimi bado nipo. Sauti imepungua kidogo, na Shangazi yako amenifungia kengele kama ya mlango wa duka kwenye kitanda niitikise nikimhitaji. Naitikisa pia nisipomhitaji.

Mama Ngazi alipita jana. Hakuuliza kitu. Aliketi kwenye kopo lake akanihadithia habari za wateja wake mpaka nikasahau kuhema vibaya. Alipokuwa anaondoka aliniambia ana kazi kubwa upande wa pili wa mji, lakini ameiweka kando wiki mbili. Nikamwambia usiiache kwa ajili yangu. Akasema hanifanyii hisani, ukuta wa sebule uko tayari na kazi iliyobaki nusu humkosesha usingizi.

Niandikie hata kama umekasirika. Hasira nitaisoma.

Mkeo


29 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Sikukasirika, au nilikasirika baadaye. Nilihama chumba mwezi wa Mei na sikuwaambia, kwa sababu nilijua mtauliza kwa nini, na sababu ni ndogo: pale pa zamani palikuwa na kelele. Barua zako zote mbili zilikuwa juu ya friji la mwenye nyumba wangu wa zamani, chini ya mkate. Nimezipata juzi.

Ile ya Juni niliisomea juu ya paa la jengo, kwenye kile chumba chenye mota za lifti. Nilipofika uliposema hukipendi, moyo uliniuma kana kwamba ulikuwa unanisema mimi. Nikaikunja. Nikawaambia wenzangu washuke na lifti, mimi nitashuka kwa miguu. Nilitaka nipate ghorofa kumi na moja za kukukasirikia. Nilipofika kama ya saba hivi nikasimama pale kwenye vidato, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

Nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilikuwa mdogo, darasa la pili labda, wewe ulikuwa umekwenda kusahihisha mitihani. Babu alikuwa anapaka sebule na mimi namshikia ngazi. Akafungua kopo la kijani, akafungua na lingine jeupe, akamimina jeupe humo akakoroga huku anaangalia mlango. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Bibi yako anaipenda ile kali, tutafanyaje? Lakini mimi inanitoa machozi. Kila nikipaka naongeza nyeupe kidogo tu, asijue. Usimwambie." Nikaapa. Akanipa brashi ndogo nikapaka nyuma ya kabati, nikajiona mwanamume.

Kwa hiyo Bibi, mlidanganyana wote wawili, na mimi nilikuwa shahidi nisiyejua kesi.

Nikampigia simu Shangazi nikamsomea barua yako na kumweleza la Babu. Akasema, "Kumbe na nyinyi? Mimi tangu niko shule nilikuwa siwezi kusomea humo. Nilidhani mnaipenda." Nimemwomba akuambie tu kwamba barua iko njiani, mengine uyasome mwenyewe.

Sasa na mimi niimalizie ile nusu yangu. Karatasi zilikuwepo, Bibi. Tiketi ilikuwepo pia. Nilifika mpaka uwanja wa ndege na mzigo wangu, nikageuka. Sikuweza kuingia kwenye nyumba ambayo yeye hatanifungulia mlango. Nikawaacha mmzike bila mimi, na tangu hapo kila ukiniuliza nakuja lini nasema tutazungumza. Nilitaka sebule ibaki kijani ili siku nikija nijidanganye japo kwa muda wa kuvua viatu. Nilikuwa nakuomba ulale ndani ya kitu changu.

Paka unavyotaka. Ita Mama Ngazi leo. Kopo msilitupe, mpakeni mlango wa stoo, pale alipokuwa anaweka brashi zake. Huo unanitosha.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nafika tarehe kumi na nne Septemba, Shangazi anayo karatasi ya safari. Safari hii sigeuki. Nisubiri, mke wangu.

Mumeo mdogo


19 Agosti

Mume wangu,

Marahaba, mara nyingi. Barua yako ilinifanya nicheke kwa namna ambayo Shangazi yako alikuja mbio na kijiko mkononi akidhani nimepaliwa. Nikampa asome. Akaketi, tukacheka mmoja akiishia mwingine anaanza, watu wazima wawili. Kuhusu uwanja wa ndege sitasema mengi. Nimefurahi kwamba umeniambia, na kwamba umeniambia nikiwa hai wa kukujibu. Babu yako mwenyewe alikimbia mazishi ya kaka yake, akajificha kwenye ghala la mbao siku nzima. Umemrithi. Njoo tu.

Mama Ngazi alifika kabla sijamaliza kumwita. Yeye na Shangazi yako walikibeba kitanda wakakiweka ukumbini na mimi juu yake, kama mzigo wa harusi, nikalala hapo siku mbili nikitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Akaanza kukwangua karibu na dirisha, kisha akanyamaza. Huyo mtu kunyamaza ni habari. Akamwita Shangazi yako, wakanisogeza mlangoni nione. Pale alipokwangua, rangi za zamani zilikuwa zimejipanga moja juu ya nyingine. Chini kabisa kile kijani cha mke wa mkaguzi, kikali vile vile. Juu yake kimepoa kidogo. Juu yake tena kimepoa zaidi, na hivyo hivyo mpaka juu. Niliwaomba waniache hapo peke yangu. Nilimwona mume wangu anatoroka polepole, miaka na miaka, kwa tahadhari asinikwaze, na mimi niko chumba hicho hicho nasema umepatia. Angeishi miaka mingine kumi tungekutana kwenye nyeupe.

Nililia, ndiyo. Lakini nilikuwa nimesahau kulia kulivyo kwepesi.

Rangi nimechagua mwenyewe. Ni nyeupe iliyotiwa njano kidogo, kama siagi. Mama Ngazi alinionya kwamba nyeupe huonyesha uchafu. Nikamwambia sitakaa humo kiasi cha kuichafua. Akashuka kwenye ngazi akaniambia, "Bibi, kazi yangu naipimia miaka mitatu. Usiniharibie jina." Amepiga mikono miwili na kuziba kila ufa. Mlango wa stoo ni wa kijani, na kwa mlango kijani hicho kinafaa kabisa, sijui kwa nini hakuna aliyefikiria hivyo mapema. Shangazi yako amehamishia mashine yake ya kushona sebuleni. Anakaa nami kutwa. Zamani alikuwa anaingia na sahani na kutoka.

Tarehe yako nimeiweka kichwani. Nakula ninachopewa, nameza vya waridi, nafanya upande wangu. Nikiwepo, utanikuta nimeegemea mito na nitakusaili. Nisipokuwepo, ingia hivyo hivyo, vua viatu, kaa kwenye kitanda changu uangalie kuta. Usitafute palipobaki kijani. Chumba hiki ni changu, nami nimekaa ndani yake nikiwa mimi.

Na ujue kwamba nalala. Jana mchana nililala usingizi ambao sijaulala tangu mwaka jana, mdomo wazi, mikono nje ya shuka. Shangazi yako akaingia, akaona nilivyotulia, akaweka sahani chini akaanza kunitikisa bega na kuniita mama, mama. Nikafumbua jicho moja nikamwambia aniache, nimelala tu. Akaketi kitandani akalia, kisha akacheka, kisha akajilaza miguuni pangu na viatu vyake, tukalala wote wawili mpaka jua likahama.

Mkeo